Maswali ya Wasomaji: Redio za Dijitali na Fedha Zinazoahidiwa Kurudishwa

SWALI: Assalaam alaykum, Mshauri wetu. Nina duka la redio, simu na taa za sola hapa Ngamiani, Tanga. Muuzaji wa jumla ananitaka nichukue redio za dijitali na kuziuza shilingi 145,000 kila moja, kisha mteja ajaze fomu ili arudishiwe shilingi 40,000 kwa simu baada ya miezi miwili. Anasema kwamba mpango wa namna hii ndio uliozifanya redio hizo zienee ng'ambo. Je, ni kweli, na je, nikubali?
Mfanyabiashara, Ngamiani

JIBU: Wa alaykumu salaam, ndugu yangu. Aliyokueleza si sahihi, na nitaanza na Marekani kwa sababu huko mpango wa kumrudishia mnunuzi sehemu ya fedha zake ulitumiwa sana.

Mwezi Oktoba 2002 mamlaka ya mawasiliano ya Marekani iliidhinisha mfumo wa kampuni ya iBiquity, uliokuja kujulikana kama HD Radio, ambao hupitisha matangazo ya dijitali pembezoni mwa masafa yale yale ambayo stesheni huyatumia kwa matangazo ya kawaida. Mwishoni mwa mwaka 2005 makampuni makubwa ya redio yaliungana kuutangaza mfumo huo na kuutolea muda mwingi hewani. Kwa kuwa redio za kwanza ziliuzwa kwa mamia ya dola, baadaye baadhi yake ziliwekewa ahadi ya kumrudishia mnunuzi makumi ya dola. Pamoja na hayo yote, redio ya mezani ya aina hiyo haikupata kuwa kifaa cha kila nyumba. Mfumo ulienea zaidi kwa njia ya magari mapya, ambamo mnunuzi aliikuta redio imekwisha kufungwa na hakutakiwa kujaza fomu yoyote.

Bei ilikuwa kikwazo, lakini haikuwa kikwazo kikubwa kuliko vyote. Matangazo ya dijitali yaliruhusiwa mwanzoni kurushwa kwa asilimia 1 tu ya nguvu ya matangazo ya kawaida, ndiyo maana watu wengi waliokaa mbali na mitambo waliyapata kwa kukatikakatika; ruhusa ya kufikia asilimia 10 ilitolewa mwaka 2010. Juu ya hayo, msikilizaji aliyefanikiwa kuyapata alizisikia kwa sehemu kubwa stesheni zile zile alizokuwa akizipata bure katika redio yake ya zamani. Mtu hununua redio kwa ajili ya sauti anazozitaka, na kama sauti hizo anazo tayari nyumbani, kumrudishia sehemu ya fedha zake hakumpi sababu ya kutoa zile nyingine.

Tazama Uingereza ilivyokuwa. BBC ilianza kurusha matangazo ya dijitali ya mfumo wa DAB mwezi Septemba 1995, na kwa miaka kadhaa umma haukuonyesha shauku. Mwaka 2002 mambo mawili yalikutana: BBC ilifungua stesheni mpya ambazo hazikuwamo katika FM, kama vile 6 Music na 1Xtra, na kampuni ya Pure ikatoa redio ya Evoke-1 kwa pauni 99, bei iliyolipwa dukani bila kungoja marejesho. Mapenzi ya wasikilizaji kwa stesheni hizo yalidhihirika mwaka 2010, BBC ilipotaka kuifunga 6 Music. Walipinga kwa nguvu hata pendekezo hilo likakataliwa.

Sasa nije kwenye fomu yenyewe, kwa maana hapo ndipo nina wasiwasi mkubwa juu ya wateja wako. Katika utaratibu wa Marekani mnunuzi hulipa bei kamili, hukata msimbo pau kutoka kwenye boksi, huambatanisha risiti na fomu, hutuma kwa posta kabla ya tarehe iliyowekwa, kisha husubiri hundi kwa wiki nyingi. Wengi husahau, au hukosea kipengele kimoja wakakataliwa, na muuzaji huwa amekwisha kuliingiza jambo hilo katika hesabu zake tangu mwanzo. Malalamiko yalikuwa mengi kiasi kwamba mwaka 2005 Tume ya Biashara ya Shirikisho ilichukua hatua dhidi ya maduka ya CompUSA kuhusu marejesho yaliyocheleweshwa, na mwaka huo huo Best Buy ikatangaza kwamba itayaondoa marejesho ya posta hatua kwa hatua.

Hapa Tanga mambo yatakuwa magumu kuliko huko. Risiti ya mashine ya EFD hufifia ikiwekwa juani au mfukoni penye joto, na baada ya miezi miwili ya joto letu la pwani huenda isisomeke kabisa, kwa hiyo mteja asiyetoa nakala siku ile ile atakuwa amepoteza ushahidi wake. Wapo wanaotumia laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina la mtoto au mume, nao watakataliwa kwa sababu jina la kwenye fomu halilingani na la kwenye simu. Fedha zikichelewa, wateja hawatamfuata muuzaji wa jumla ambaye hawamjui. Watakuja Ngamiani, kwako wewe, na heshima itakayopotea ni ya duka lako.

Mwombe muuzaji huyo aziondoe shilingi 40,000 katika bei ya jumla, ili nawe uuze kwa shilingi 105,000 na biashara iishe hapo hapo. Akikataa, jiulize kwa nini fedha ambazo ana uhakika wa kuzilipa hataki kuzitoa leo. Ukiamua kuendelea licha ya ushauri wangu, pata mkataba wa maandishi unaoonyesha nani atalipa na lini, na kwenye tangazo la dukani andika shilingi 145,000 kwa herufi kubwa, kwa kuwa ndiyo fedha itakayomtoka mteja mfukoni. Kutangaza shilingi 105,000 kama ndiyo bei ni kumpotosha mlaji, jambo ambalo Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inalikataza na ambalo Tume ya Ushindani ina mamlaka ya kulishughulikia.

Kabla ya hayo yote, mtake aiwashe redio hiyo juu ya kaunta yako na kukutafutia matangazo ya dijitali hapo hapo Ngamiani. Ikikamata FM peke yake, unatakiwa kuuza redio ya FM kwa bei ya kitu kingine. Uliza pia inakaa saa ngapi kwa chaji moja, kwani redio za DAB zimekuwa na sifa ya kula umeme kuliko za FM, na wateja wako wa mashambani Muheza na wavuvi wa Kigombe watakuuliza hilo kabla ya kuuliza usafi wa sauti.

SWALI: Mheshimiwa Mshauri, kaka yangu anayeishi Uingereza anataka kuniletea redio ya DAB. Aliinunua zamani kwa bei nafuu baada ya kuirudisha dukani redio yake ya FM. Je, itanifaa hapa Chumbageni?
Mwalimu, Chumbageni

JIBU: Mwalimu, mwulize kwanza kama ina FM, kwa sababu hiyo ndiyo sehemu utakayoitegemea. DAB ya Uingereza, HD Radio ya Marekani na DRM, ambayo India imeiwekea mitambo mingi, ni mifumo mitatu isiyosomana, na redio ya mfumo mmoja haipati matangazo ya mwingine. Waliokwisha kununua gari kutoka Japani wanalifahamu tatizo la jamii hiyo: redio za mengi ya magari hayo huishia 90 MHz, ilhali FM yetu hupanda hadi 108, na stesheni nyingi hazisikiki mpaka fundi aongeze kifaa.

Kampeni unayoitaja huenda ni ile ya mwaka 2010, ambapo wauzaji wa Uingereza walimpunguzia bei ya redio ya dijitali mtu aliyeleta ya zamani. Mpango wa namna hiyo ninauheshimu zaidi, kwa sababu punguzo lilionekana dukani papo hapo. Ninasikitika tu kwamba redio aliyoirudisha kaka yako ingekufaa wewe kuliko hiyo aliyoichukua.

SWALI: Mwaka 2013 televisheni zetu zilizimika tukalazimika kununua ving'amuzi. Je, FM nayo itazimwa? Ninunue redio ya dijitali mapema?
Msomaji, Pangani

JIBU: Usinunue kwa hofu. Mitambo ya analojia ya televisheni ilizimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na Tanga ikafuata mapema mwaka 2013, kwa kuwa makubaliano ya kimataifa ya Geneva ya mwaka 2006 yaliweka ukomo wa tarehe 17 Juni 2015. Ukomo huo ulihusu televisheni. Masafa ya FM hayakuwamo.

Norway ilizizima stesheni za kitaifa za FM mwaka 2017, mkoa baada ya mkoa, kuanzia Nordland tarehe 11 Januari, lakini stesheni nyingi ndogo za mitaani ziliachwa zibaki FM. Uswisi ilikuwa na stesheni za dijitali kwa miaka mingi kabla shirika lake la umma halijaiacha FM mwishoni mwa mwaka 2024. Kote huko matangazo ya dijitali yalitangulia kufika kwa wananchi, kisha ndipo ya zamani yakazimwa.

Siku suala hili likiletwa kwetu, Mamlaka ya Mawasiliano italitangaza mapema kama ilivyofanya kwa televisheni, na hapo wananchi wa Pangani mtakuwa na haki ya kudai unafuu wa kodi kwenye redio zenyewe zinapoingia bandarini, ili bei iwe imeshuka kabla hazijafika dukani.