Wauguzi 12 si tatizo

Dada, umeuliza kama utafiti uliohoji wauguzi 12 tu wa wodini, kuhusu kwa nini hawashiriki kufanya tafiti, una uzito wowote. Idadi iache kwanza, hapa hatupigi takwimu. Angalia nani aliyewahoji. Kama ni matroni wao, tena ofisini kwake, utakuta "hatuna muda" kila ukurasa. Nani atamwambia bosi kwamba tafiti hutoka na jina la daktari, wao wakibaki kujaza fomu? Kisha soma nukuu: zikitoka kwa mshiriki namba 3 peke yake, shtuka. Orodha ya COREQ ya 2007, ya kukagua ripoti za mahojiano, ina vipengele 32. Anza na vile vinavyomhusu mtafiti mwenyewe.