Kwa mnaoanza kuchora nyumba Dodoma

Mteja wa huku mara nyingi ni mtumishi aliyehamia na serikali. Kapata kiwanja Iyumbu au Nzuguni, anataka vyumba vitatu, kimoja masta, na baraza. Ukimuuliza kama nyumba imfae mwenye ulemavu, atasema kwake hakuna mlemavu, na maongezi yataishia hapo. Muulize hivi: mama akitoka Kongwa kuja kutibiwa, atalala chumba gani, na usiku atafikaje chooni? Ataanza kueleza mwenyewe.

Kazi kubwa iko kwenye msingi. Dodoma tunauinua, na si bure: mvua ya Desemba hadi Aprili ikishuka inashuka kwa fujo, na maeneo mengine udongo ni mfinyanzi, unavimba ukilowa, unapasuka ukikauka. Ila sakafu iliyo sentimita 60 juu ya ardhi, kwa kipimo cha 1 kwa 12 (kupanda sentimita 1 kwa kila sentimita 12 za kwenda mbele), inadai mteremko wa kiti cha magurudumu wa mita 7.2. Kiwanja kikishaingia shimo la maji taka, tangi na gari, hizo mita utazitoa wapi? Usishushe msingi kumridhisha mtu. Maji hayana adabu. Pima mwinuko wa kiwanja kabla ya kuchora chochote, kisha tafuta upande ambao ardhi iko juu na uweke huko mlango mmoja usio na ngazi, hata ukiwa wa jikoni. Mmoja unatosha. Maji ya mvua yakingwe kwa mfereji kabla hayajaufikia.

Milango: fremu ya futi 3 kila mahali, choo kikiwemo. Mafundi wamezoea kukipunja choo, wakati ndicho chenye shida. Na mlango wake ufunguke kwa nje, maana mzee akianguka nyuma ya mlango unaofungukia ndani, hamuingii.

Bafuni, vitabu vinataka nafasi ya duara la mita 1.5 ili kiti cha magurudumu kigeuke. Vitabu hivyo havijui mgao wa maji. Hapa bafu lina pipa na ndoo, navyo vinakaa palepale ulipochora duara. Lichore pipa kwenye ramani, lipe kona yake. Pembeni mwa choo cha kukalia, mwambie fundi ajaze zege badala ya tofali moja ukutani, ili siku chuma cha kushikilia kikihitajika kipate pa kushika. Gharama yake ni ndogo mno, sijaona mteja akiikataa.

Swichi ziwe mita 1 kutoka chini, soketi sentimita 45. Hilo halina ubishi.

Ramani ikishapita, mwombe mteja akujulishe siku ya kumwaga sakafu ya bafu, na uende. Usipokuwepo, fundi ataweka kizingiti cha tofali ili maji yasitoke, kama alivyofundishwa. Mwonyeshe mwinamo wa kuelekea kwenye tundu la maji, sentimita 2 kwa kila mita, na usimame hapo mpaka apitishe rula.