Dada wa Dodoma, kabla hujaenda kutumika ugenini

Jumapili iliyopita nilihubiri dakika arobaini kwa Kimalagasi, lugha ya Madagaska, bila mkalimani. Mniache nijisifu kidogo, siku hiyo nimeingoja miaka miwili. Jioni yake nikakuta ujumbe wa dada mmoja wa Dodoma: ana miaka 23, amepata nafasi ya umisionari nje ya nchi, anauliza abebe nguo gani na mimi nilizoeaje. Bwana asifiwe, dada yangu. Nakujibu hapa, na wenzako wasome.

Mimi ni mtoto wa Tanga. Nilishuka Antananarivo, mji mkuu wao, mwezi wa saba na shati la mikono mifupi, maana wazee wetu wa pwani wanaiita Madagaska Bukini, nami nikadhani kisiwa ni kisiwa, kama Pemba tu. Kumbe nimepangiwa Antsirabe, nyanda za juu, mita 1,500 hivi juu ya bahari. Usiku wa kwanza nililala na viatu.

Kesho yake sokoni mama mmoja akanitajia elfu tano. Nikatoa noti ya 5,000, akacheka, akanirudishia elfu nne. Alikuwa anahesabu kwa faranga za zamani, zile ambazo tano ni ariary moja, fedha yao ya sasa. Faranga ziliondoka mwaka 2005, lakini midomoni mwa watu bado zimo. Angeweza kuzichukua zote. Mimi niliyetumwa kufundisha uaminifu nikaanza kwa kufundishwa.

Miezi ya kujifunza lugha nairuka, ni daftari na kichwa kuuma. Ila nilijivuna mapema nilipogundua ng'ombe wao ni *omby*, kondoo ni *ondry*, kuku ni *akoho* na mbwa ni *amboa*, maneno yaliyovuka bahari kutoka kwetu. Nikasema hii lugha naimaliza kwa mwezi. Mifugo ikaisha, nikabaki bubu.

Sasa nije kwenye aibu yangu. Mwezi wangu wa tatu huko, baba mwenye nyumba niliyopanga alinialika kwenye *famadihana* ya ukoo wao. Wanafungua kaburi, wanatoa mabaki ya wazee wao na kuyavisha sanda mpya, tarumbeta zinalia, watu wanacheza na kula wali na nyama yenye mafuta. Ningeweza kukataa kwa adabu. Sikwenda, na Jumapili yake nikasimama madhabahuni nikawaita watu wale waabudu mifupa. Mkalimani alisita. Nikamwambia, tafsiri.

Jambo hilo Wakristo wa huko wanabishana wenyewe tangu kabla sijazaliwa, wengine wanakwenda, wengine hawakanyagi. Tena ni watu waliokuwa na Biblia nzima kwa lugha yao mwaka 1835. Mwanamke wao Rasalama aliuawa kwa kukataa kumkana Kristo mwaka 1837, wakati mmisionari Krapf hajaiona Mombasa yetu, alifika 1844. Nami, mtoto wa juzi, nikawaambia hawamjui Mungu.

Jumapili iliyofuata benchi la familia ile lilikuwa tupu. Nyumbani baba yule aliendelea kunipa wali asubuhi, mchana na jioni, na yale maji yao ya kunywa yanayochemshwa kwenye ukoko wa sufuria, bila kusema neno. Afadhali angenifukuza.

Mzee mmoja wa kanisa ndiye aliyeniokoa. Alinionyesha jinsi kijana anavyopita mbele ya wakubwa: unainama, mkono mmoja unaushusha mbele yako, unasema *azafady*, yaani samahani. Nikaenda hivyo hivyo hadi mbele ya yule baba kuomba radhi. Hakunijibu siku ile. Msimu wa kupandikiza mpunga ulipofika akanitupia jembe, tukaingia matopeni pamoja, na Jumapili yake benchi likajaa.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni kunyamaza. Mwaka mzima. Wa pili nao ni huo huo. Vijana wa siku hizi mnataka picha na Biblia mkononi na watoto wamewazunguka, mwezi wa kwanza tu mmeshakuwa manabii. Kaa chini! Menya muhogo na wenyeji, chekwa unapokosea, uliza kaburi lipi halinyooshewi kidole na kwa nini.

Jambo la fedha nalo lisemwe. Walionituma waliahidi posho kila mwezi, ikaja miezi minne. Baada ya hapo nikawa napokea ujumbe wa simu tu, "tunakuombea, kaka." Asanteni kwa maombi, lakini kondakta wa basi hapokei maombi. Nimekwisha kuwasamehe, ingawa naona nimeandika aya nzima. Wewe ahadi yako idai kwa maandishi, yenye sahihi ya mchungaji na mhasibu, kabla hujaagwa na kwaya.

Uliuliza nguo, nikasahau. Masweta mawili. Moja utampa mtu.