Kichekesho Chako Kiongoze Mwenyewe

Skripti yangu ya kwanza niliiuza. Ilikuwa na mjomba aliyefika msibani akilia mpaka anashikiliwa na watu wawili. Katikati ya kilio ananyamaza, anamgeukia mpishi, anauliza kwa sauti ya chini: "Leo pilau au wali mweupe?" Anaambiwa wali mweupe. Anaangua kilio upya, safari hii cha kweli.

Filamu ilipotoka nikaenda kuiangalia kwenye kibanda umiza kimoja Manzese. Mwongozaji alikuwa amemvalisha mjomba suruali iliyoishia magotini, kamwangusha kwenye sufuria, kaongeza na mlio wa filimbi. Kile kimya kabla ya swali kimekatwa. Jamaa aliyekaa mbele yangu alikuwa anachezea simu.

Kwa hiyo nawaambia mnaoandika vichekesho: pigania kuiongoza kazi yako, hata ikikugharimu hela ya skripti. Wenzetu walianza zamani. Preston Sturges, mwandishi wa Hollywood aliyechoka kuona wengine wakiongoza maandishi yake, aliwauzia kampuni ya filamu ya Paramount skripti ya The Great McGinty kwa dola 10 tu, sharti aiongoze mwenyewe. Filamu ikatoka 1940, na skripti hiyo hiyo ikampa Oscar. Ila hizo dola 10 zisikudanganye. Jamaa alikuwa ameshaandika miaka mingi na anajulikana. Wewe na mimi, sharti liwe kwenye karatasi yenye sahihi kabla hujamtumia mtu faili. Mimi nilishakubaliana kwa mdomo mara moja. Yatosha.

Ukishakaa kwenye kiti cha mwongozaji, usicheke. Mimi nilicheka, kicheko kikaingia kwenye maiki, teki (rekodi moja ya tukio) nzuri kuliko zote ikaharibika. Kosa la pili lilikuwa baya zaidi: kufikia teki ya saba hakuna aliyecheka, hata mshika taa kanuna, nikaingiwa na hofu nikaanza kuongeza maneno. Kumbe tulikuwa tumeuzoea utani tu. Siku hizi nasoma skripti na waigizaji kabla ya kamera, naweka alama ya kalamu nyekundu pale walipocheka mara ya kwanza. Tukishuti naiamini alama. Mshika taa anune apendavyo.

Halafu kaa na mhariri. Wangu alitaka kukata sekunde tatu: abiria ameomba chenji yake, konda anatazama nje ya dirisha kama hajasikia. Nilikataa. Tulipoionyesha, watu walianza kucheka hapo hapo, konda hajafungua mdomo.