Soma daftari lako kabla hujatuma ripoti

Nafanya kazi ya kumbukumbu katika kituo cha afya cha daraja la tatu wilayani Busia, upande wa Uganda. Wenzangu wapya nawaambia jambo moja: takwimu ziwafae kwanza wagonjwa wa hapo hapo kituoni, ndipo ziende wilayani. Tumezoea kujaza fomu 105, ripoti ya wagonjwa wa nje ya mwezi, kuikimbiza kabla ya tarehe 7, na ile ya wiki kuituma kwa simu kupitia mTrac, mfumo wa kutuma ripoti kwa ujumbe mfupi, basi. Tangu 2012 nchi nzima inatumia DHIS2, mfumo wa kompyuta wa takwimu za afya, kwa hiyo Kampala wanaona jumla ya malaria yetu. Ila wagonjwa hao wanatoka kijiji gani, hilo limo kwenye daftari lako tu.

Kwa hiyo anza na safu ya kijiji. Hapa mpakani mgonjwa akiulizwa anatoka wapi husema "Busia", na anayeandika huandika hivyo hivyo. Busia ipi? Kuna mji wa Uganda na mji wa Kenya, jina moja, na watu wanavuka kutwa kucha kwa biashara na matibabu. Muulize mama kijiji chake, na mwenyekiti wao wa LC1, yaani baraza la kijiji, ni nani. Foleni ni ndefu, najua, lakini usiache.

Msimu mmoja wa mvua tulihesabu watoto wa chini ya miaka mitano kijiji kwa kijiji. Kijiji kimoja kidogo kilikuwa kinaleta wengi kuliko mji wenyewe. Tukampigia VHT wa huko, mhudumu wa afya wa kijiji. Kumbe vipimo vya haraka na dawa mseto vilikuwa vimemwishia, na wazazi aliokuwa akiwatibia watoto nyumbani sasa wote wanakuja kwetu, wengine wakiwa wamechelewa mno. Tulimgawia akiba yetu siku ile ile. Bila safu ile tungesema tu kwamba malaria imepanda.

Chora pia mchoro wa malaria na uubandike ukutani. Chukua idadi za wiki ile ile kwa miaka 5 iliyopita, zipange kutoka ndogo hadi kubwa. Ya tatu ndiyo kawaida yenu, ya nne ndiyo mpaka wa juu. Fanya hivyo kwa kila wiki, kisha uweke alama ya mwaka huu kwa kalamu nyekundu. Ukivuka mpaka wa juu, mjulishe mkuu wa kituo na wilaya siku hiyo hiyo, usingoje mwisho wa mwezi. Hesabu waliopimwa wakakutwa na malaria; ukichanganya na kila mwenye homa, mchoro utakudanganya, hasa vipimo vikiadimika.

Na sifuri iandikwe. Nafasi tupu kwenye surua au kipindupindu haisemi kama hakuna mgonjwa au hakuna aliyehesabu, na mtakwimu wa wilaya atalazimika kukupigia.

Wiki ya ripoti inaisha Jumapili. Jumatatu asubuhi, kabla ya kutuma, wakusanye nesi, mtu wa maabara na mtoa dawa mbele ya mchoro kwa dakika chache. Mtu wa maabara atakwambia vipimo vimebaki vingapi, mtoa dawa atasema dawa zilizopo zitatosha hadi wiki gani kabla ya mgao ujao, na hapo mtajua mapema kama ni lazima kuomba kituo jirani.