Usifurahie signali safi kabla hujaangalia ulichokitupa

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya kupima mitetemo, hili niliingia nalo mkenge mwenyewe. Mwaka wangu wa kwanza kazini hapa Dar nilipelekwa kiwanda kimoja pande za Chang'ombe kucheki pampu ya maji, nikabandika sensa juu ya beringi, nikarekodi sekunde moja sampo 8192, nikafungua laptopu nikapitisha wevuleti, hesabu ya kusafisha noizi kwenye signali, na setingi zilezile ilizokuja nazo programu, grafu ikatoka imenyooka kama shati la Ijumaa. Nikaandika pampu nzima. Kulikuwa na fundi mzee pale, akatoa bisibisi ndefu, ncha kwenye beringi, mpini sikioni, akatulia kidogo akasema "kijana, hii inatafuna". Wiki ya pili pampu ikagoma kweli.

Sasa nilikosea wapi? Wevuleti inakata signali kwa levo, yaani mafungu ya masafa, kwa sampo hizo levo ya 1 inabeba 2048 mpaka 4096 Hz, ya 2 inabeba 1024 mpaka 2048, inaendelea kushuka nusu nusu hivyo. Halafu programu inachukua mediani ya ukubwa wa koefishenti (namba zinazotoka kwenye levo) za levo ya 1, inagawanya kwa 0.6745, hiyo ndo sigma ya noizi, yaani kipimo cha ukubwa wake, na ukifuata kizingiti cha wanatakwimu Donoho na Johnstone cha 1994 unazidisha sigma kwa mzizi wa 2 ln N, N ikiwa idadi ya sampo, kwa sampo 8192 mzizi huo inakuja kama 4.25. Chochote chini ya hapo sifuri. Na beringi inayoanza kuchubuka inagonga kidogo sana, tik, tik, na tik zenyewe zinakaa hukohuko levo za juu kwenye noizi, kwa hiyo zilifyekwa zote na mimi nikajiona mtaalamu!

Ndo maana siku hizi kitu cha kwanza nachora mabaki, yaani signali mbichi toa iliyosafishwa. Yakiwa chwaaa tu kama redio iliyokosa stesheni, poa. Ukiona vigongo vinajirudia kwa nafasi sawasawa, umepepeta ukamwaga mchele na pumba, rudi ushushe kizingiti, tena kila levo na cha kwake.

Kingine, ule mngurumo wa umeme wetu wa 50 Hz hautoki kwa njia hii, msihangaike, huo uko levo ya 7 na koefishenti zake ni kubwa kwa hiyo programu inaona ndo signali yenyewe inauacha hapohapo. Tumia filta ya kuziba hiyo 50 au kagueni waya ya athi kwanza, mara nyingi tatizo ni waya.

Kubishana aina ya wevuleti, db4 au sym8, mnapoteza muda, tofauti ni ndogo. Cha kuangalia ni kukata laini au ngumu: laini inapunguza hata vile vigongo vinavyobaki, ngumu inaviacha kama vilivyo, na kwenye PyWavelets, maktaba ya Python ya wevuleti, ile pywt.threshold usipoiambia kitu inakata laini, kwa hiyo ukitaka kulinganisha urefu wa vigongo wiki hii na wiki ijayo weka ngumu, na usibadilishe katikati.

Bisibisi nayo nilinunua Kariakoo, inakaa begi moja na laptopu.