Fedha inadondoka, kauri inapasuka

SWALI: Papa ingenieri, niko na atelie ndogo hapa Katuba, Lubumbashi. Nataka kuunganisha mrija wa kauri ya alumina (oksidi ya alumini), kipenyo milimita 30, na bomba la inoksi, chuma kisichoshika kutu, kwa ajili ya tanuri. Nimeingiza bomba ndani ya mrija, nikatumia vijiti vya madini ya fedha, unga wa boraksi na shalumo, ile taa ya gesi ya kulehemu. Fedha inajikusanya matone na kudondoka. Mara moja tu ilishika. Asubuhi nikakuta kauri imepasuka.

JIBU: Mwanangu, hayo ni matatizo mawili, na la pili ndilo gumu.

Boraksi kazi yake ni kuondoa oksidi juu ya chuma ili fedha ikutane na chuma kitupu. Sasa alumina yenyewe ni oksidi, toka juu mpaka ndani. Utasafisha nini? Viwandani huongeza metali ya titani, asilimia chache, kwenye aloi (mchanganyiko) ya fedha na shaba. Titani huinyang'anya alumina oksijeni yake, na hapo ndipo kiungo hushika. Lakini titani ni mlafi: mbele ya shalumo itashiba oksijeni ya hewani kabla haijaigusa kauri. Ndiyo maana wao hulehemu ndani ya tanuri iliyonyonywa hewa.

Kama una tanuri ya umeme inayopita nyuzi 1000, ipo njia isiyoogopa hewa: unga wa fedha na oksidi ya shaba kidogo. Fedha huyeyuka kwenye nyuzi 961, na oksidi ya shaba huifanya itambae juu ya kauri. Njia hii hutumika kuziba seli za mafuta (fuel cells, vifaa vya kugeuza gesi kuwa umeme) zinazofanya kazi kwenye nyuzi 700 hadi 850.

Sasa mpasuko. Inoksi ya kawaida, aina ya 304, hutanuka na kunywea mara mbili ya alumina. Kutoka nyuzi 800 hadi kupoa kabisa, kwenye milimita 30 zako tofauti ni kama milimita 0.2. Usiidharau. Bomba lako liko ndani, kwa hiyo likinywea linaivuta kauri, na kauri haivumilii kuvutwa. Kubanwa inavumilia sana. Geuza: inoksi iwe nje, nyembamba. Nenda dukani na sumaku. Ile inayonasa vizuri huwa ni ya aina ya 430, ambayo kutanuka kwake kunaikaribia alumina. (Ipo pia aloi ya chuma iitwayo Kovar, yenye kobalti asilimia 17, kobalti kama hii inayotupita kwenye malori kuelekea mpakani Kasumbalesa, lakini ikivuka nyuzi 450 hivi nayo hutanuka ovyo.)

Ukizima tanuri, usifungue mlango mpaka kesho yake.